Kilio cha Kuachwa: Mtoto Mdogo, Mlezi Wake na Kituo cha Kulelea Watoto

Mwezi wa Juni, pamba inapokuwa imepasuka mashambani Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, kazi ya kuchuma huanza kabla jua halijapanda. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja ana njia tatu mbele yake. Aweza kumfunga mgongoni kwa mbeleko akaenda naye shambani. Aweza kumwacha nyumbani kwa bibi yake, au kwa dada yake wa miaka 9. Na siku hizi, mahali penye kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, aweza kumpeleka huko. Akichagua njia ya pili au ya tatu, aghalabu jambo moja hutokea: mtoto humtazama mama anapogeuka, uso hukunjamana, kisha hutoa kilio ambacho majirani wote hukisikia.

Kilio hicho hupewa maelezo mengi. Wako wasemao kwamba mtoto amedekezwa mno. Wako wasemao kwamba mlezi humfinya kwa siri, na ndiyo sababu hulia anapokabidhiwa kwake. Wengine humlaumu mama kwamba anapenda pamba kuliko mwanawe, na mama mwenyewe hufika shambani akiwa nusu anasadiki hivyo. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba kilio hicho, mtoto akiwa na umri wa miezi 8 hadi miaka 2 hivi, kwa kawaida ni dalili ya ubongo uliofikia hatua fulani ya kukomaa. Aidha tutaonyesha kwamba machozi ya asubuhi peke yake hayamdhuru mtoto. Linalomdhuru ni kukosa mtu anayemfahamu wa kuyapokea. Mambo hayo mawili huchanganywa na watu wengi, hata wenye elimu, na kwa kuyachanganya hufanya maamuzi yanayomwumiza mtoto waliyekusudia kumsaidia.

Mtoto wa miezi minne na mtoto wa mwaka mmoja

Yeyote aliyewahi kuhudhuria arusi au msiba amemwona mtoto wa miezi minne akipitishwa kutoka paja hadi paja. Shangazi humbeba, jirani humpokea, mgeni kutoka Bariadi humrusha juu, naye hucheka na kila mtu. Mtoto huyo huyo akifika miezi kumi, mgeni yule yule akinyoosha mikono, atajificha begani mwa mama yake na kupiga ukelele. Je, kitu gani kimebadilika katika miezi sita hiyo?

Haiwezekani kusema kwamba zamani hakumjua mama yake. Mtoto mchanga huitambua sauti ya mama tangu siku za kwanza baada ya kuzaliwa, na baada ya muda mfupi huitambua harufu yake pia. Kilichobadilika ni kumbukumbu. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, aliwachunguza watoto wake mwenyewe watatu nyumbani, akaona jambo ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kulirudia bila gharama yoyote. Mwonyeshe mtoto wa miezi mitano funguo zinazolialia, mwache azitamani, kisha zifunike kwa kanga mbele ya macho yake. Mara nyingi ataacha kuzitafuta, kana kwamba zimetoweka duniani. Mfanyie vivyo hivyo mtoto wa miezi kumi, ataivuta kanga. Wachunguzi waliomfuata Piaget wametumia mbinu nyingine na kuonyesha kwamba hata mtoto aliye mdogo zaidi hufahamu kidogo kuwa kitu kilichofichwa kingalipo. Lakini kukishika kitu hicho akilini, kukilinganisha na kinachoonekana sasa, na kutenda kwa kufuata kumbukumbu hiyo, ni uwezo unaojitokeza wazi karibu na mwezi wa nane.

Sasa mweke mama mahali pa funguo. Mtoto wa mwaka mmoja anajua kwamba mama yupo. Anajua pia kwamba hayupo hapa. Asichokijua ni kwamba atarudi, na lini. Neno “jioni” kwake ni sauti tupu. Kwa maneno mengine, akili yake imepata nguvu ya kutosha kumkumbuka asiyekuwapo, lakini haijapata nguvu ya kungoja. Kilio huzaliwa katika pengo hilo, na pengo likizibwa na lugha na fahamu ya wakati, katika mwaka wa pili na wa tatu, kilio hupungua chenyewe.

Ushahidi kwamba jambo hili hufuata ukuaji ni mzuri. Katika miaka ya 1970 Jerome Kagan wa Marekani na wenzake waliyakusanya matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Wasan wa Jangwa la Kalahari, ambao hubebwa mwilini karibu siku nzima. Watoto wa vijiji vya Guatemala. Watoto wa vijiji vya ushirika vya Israel viitwavyo kibbutz, ambao wakati ule walilala katika nyumba ya watoto mbali na wazazi wao. Na watoto wa mijini Marekani. Malezi ya makundi hayo hayafanani hata kidogo. Hata hivyo mstari wa grafu ulikuwa na umbo moja: kilio cha kuachwa huanza kupanda karibu na miezi 8 au 9, hufikia kilele baada tu ya mwaka wa kwanza, yaani kati ya miezi 12 na 18, kisha hushuka. Kama deko ndilo lingekuwa chanzo, hatungetazamia umbo moja kwa watu wanaolea kwa namna tofauti kiasi hicho.

Msomaji atauliza: kwa nini maumbile yaliweka jambo la usumbufu kama hili? Mwingereza John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alilijibu swali hilo katika vitabu vitatu vilivyotoka mwaka 1969, 1973 na 1980. Alisema kwamba katika muda mrefu wa historia ya binadamu mtoto aliyebaki peke yake aliliwa. Msomaji wa Nassa, ambaye Hifadhi ya Serengeti haiko mbali naye, na ambaye amepata kusikia fisi usiku, hahitaji kuelezwa sana. Zingatia kwamba kilio huanza takriban wakati ule ule mtoto anapoanza kutambaa. Miguu humpeleka mbali. Mfungamano na mlezi humrudisha. Twaweza kuufananisha mfungamano huo na kamba ya mbuzi malishoni, ila urefu wa kamba hii hubadilika. Mtoto akiwa mzima, ameshiba, na mlezi yuko karibu, kamba ni ndefu naye huenda kuchezea vifaranga mwisho wa uwanja. Akiugua, akichoka, au akitokea mgeni, kamba hufupika ghafula.

Uchunguzi uliofanyika ng'ambo ya ziwa

Vitabu vingi vya saikolojia hueleza elimu ya mfungamano kana kwamba ilizaliwa katika vyumba vya Chuo Kikuu fulani cha Marekani. Hilo si sahihi, na walimu wetu wafaa kulisahihisha darasani. Uchunguzi wa kwanza wa kina wa kuwafuatilia watoto nyumbani kwao kwa ajili ya suala hili ulifanyika katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, upande wa pili wa ziwa hili hili linalopiga mawimbi Nassa.

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi pamoja na Bowlby huko London, alifika Uganda kumfuata mumewe aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Alizichagua familia 26 zenye watoto 28 ambao walikuwa bado wananyonya, akawa anazitembelea kila baada ya majuma mawili, kwa saa mbili hivi kila mara, kwa muda uliofikia miezi tisa. Hakuwa na mashine yoyote. Aliketi barazani na mkalimani, akazungumza na akina mama, akatazama ni nani mtoto anamfuata, ni nani anamtazama anapoogopa, na nini hutokea mama akiinuka kwenda bustanini. Matokeo aliyachapisha mwaka 1967.

Watoto 16 aliwaona kuwa wana mfungamano salama: walilia mama akiondoka, lakini wakituliwa walitulia, na mama akiwapo walimtumia kama kituo cha kutokea na kurudia wanapoichunguza nyumba. Watoto 7 walikuwa na wasiwasi mwingi, wakililia hata katika mikono ya mama. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonyesha mfungamano. Alipotafuta sababu ya tofauti hiyo hakuikuta katika idadi ya watu waliosaidia kulea. Aliikuta katika jinsi mama alivyozisoma na kuzijibu ishara za mtoto. Kipimo kimoja alichokiona kuwa na maana kinanivutia sana kwa urahisi wake: akina mama wa watoto wenye mfungamano salama, walipoulizwa habari za mtoto, walizieleza kwa undani na kwa furaha, badala ya kuanza kuzungumza mambo mengine.

Baadaye Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani. Huko aliona kwamba watoto nyumbani hawakujali sana mama akitoka chumba hiki kwenda kile, walikuwa wamezoea. Ndipo alipobuni jaribio la chumba kigeni, la dakika 20 hivi, ambamo mtoto wa mwaka mmoja huachwa na mama mara mbili kwa muda mfupi na mgeni huingia. Alihitaji chumba kigeni ili kuyaona Marekani mambo ambayo barazani mwa Buganda yalikuwa yakionekana wazi. Jambo analolipima zaidi mchunguzi katika jaribio hilo, na hapa wanafunzi wengi hukosea, ni mtoto anavyompokea mama anaporudi. Mtoto aweza kulia sana akawa na mfungamano salama kabisa.

Kinyume chake pia ni kweli. Wako watoto ambao hawalii, wala hawamkimbilii mama akirudi. Huendelea na mchezo kana kwamba hakuna kilichotokea, na wageni huwasifu kuwa ni wapole. Mwaka 1993 Gottfried Spangler na Klaus Grossmann wa Ujerumani walipima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo wakati wa jaribio. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa wenzao wanaolia. Kwa hiyo ukimya wa mtoto usichukuliwe upesi kuwa ni utulivu.

Mtengano mrefu

Mpaka hapa tumezungumza habari za dakika na saa. Siku na majuma ni jambo jingine. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyeshirikiana na Bowlby, aliwachunguza watoto waliolazwa hospitalini Uingereza wakati ambapo wazazi waliruhusiwa kuwatembelea mara chache tu. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana mmoja wa miaka miwili na nusu hivi katika siku zake nane za kulazwa, na mwaka 1969 yeye na mkewe Joyce wakaonyesha filamu ya John, mvulana wa miezi 17, aliyekaa siku tisa katika nyumba ya kulelea watoto wakati mama yake amekwenda kujifungua. Walezi wa nyumba ile walikuwa wema, lakini walifanya kazi kwa zamu. Kila John alipomzoea mmoja, zamu ilibadilika. Kwanza alilia na kudai. Kisha akanyong'onyea, akakataa chakula, akalala sakafuni akikumbatia mdoli mkubwa. Mama aliporudi, alimsukuma na kugeuza uso. Robertson alizitaja hatua tatu: upinzani, kukata tamaa na kujitenga. Kazi yake ilichangia mapendekezo ya serikali ya Uingereza mwaka 1959 kwamba wazazi waruhusiwe kukaa zaidi na watoto wao hospitalini.

Naomba radhi kutaja habari yangu mwenyewe, kwa kuwa inalifafanua jambo hili kuliko mfano wa mbali. Nilipokwenda masomoni ng'ambo nilimwacha binti yangu wa miezi 16 kwa mama yangu, Nassa. Nilirudi likizo baada ya miezi 11. Nilimnyooshea mikono pale uani. Akanitazama kama atazamavyo mpita njia, akaingia nyuma ya kanga ya bibi yake na kumwita “mayu”, yaani mama kwa Kisukuma. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuvisoma vitabu vya Bowlby na nalijua jina la jambo lile. Kulijua hakukunisaidia kitu siku ile.

Hata hivyo, nilipotafakari baadaye, niliona kwamba binti yangu hakuwa katika hali ya John. Bibi yake alimjua tangu kuzaliwa, alilala kitandani kwake, na kila machozi yalipotoka yalipata mtu yule yule wa kuyafuta. Kosa langu lilikuja baadaye. Nilipomaliza masomo na kuja kumchukua, nilikaa Nassa siku mbili tu, nikampakia katika basi hadi mjini. Nilidhani namrudisha kwa mama yake. Kwa upande wake yeye, alikuwa anatengwa na mama yake kwa mara ya pili. Kwa majuma mengi aliamka usiku akiita “mayu”, na hakuwa akiniita mimi. Katika nchi yetu, ambapo watoto wengi hulelewa na bibi kwa mwaka au miaka, huzungumzwa sana uchungu wa kuwapeleka huko, na mara chache sana uchungu wa kuwatoa.

Mikono mingi ya kulelea

Bowlby katika maandishi yake ya mwanzo alielekea kumtaja mama mmoja tu, na baadhi ya watu wakachukua hoja hiyo kusema kwamba mwanamke afanyaye kazi nje ya nyumba humharibu mtoto wake. Afrika Mashariki imetoa ushahidi wa kuisawazisha hoja hiyo. Rosa Kermoian na Herbert Leiderman waliwachunguza watoto 26 wa Wagusii, magharibi ya Kenya, ambako kwa desturi mama hurudi shambani na mtoto hushikwa mchana na dada au kaka yake mdogo. Matokeo yalitolewa mwaka 1986. Walirekebisha jaribio la chumba kigeni ili lilingane na mazingira, na hapo wakakutana na jambo zuri: mtoto Mgusii amezoea kusalimiwa kwa kupewa mkono, hivyo mtoto mwenye mfungamano salama, mama aliporudi, alinyoosha mkono wake mdogo kupokea salamu, pale ambapo mtoto wa Marekani angetaka kukumbatiwa.

Ilionekana kwamba watoto hao walikuwa na mfungamano na mama na pia na mlezi wao mdogo, na zaidi ya nusu walikuwa na mfungamano salama kwa kila mmoja. Tena kazi ziligawanyika. Usalama wa mfungamano na mama ulihusiana na hali ya lishe ya mtoto. Usalama wa mfungamano na yaya ulihusiana na ukuaji wa akili. Mama analisha, dada anacheza na kuzungumza. Msomaji aliyelelewa na dada yake hatashangaa.

Lakini mikono mingi isieleweke kuwa ni mikono yoyote. Mtoto hujenga mfungamano na watu wachache, tuseme watatu au wanne, na huwapanga daraja: akiwa mzima humkubali yeyote kati yao, akiugua homa usiku humtaka mmoja. Sharti ni kwamba watu hao wadumu.

Kituo cha kulelea watoto mchana

Vituo vya kulelea watoto wadogo si jambo jipya Tanzania. Katika miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilianzisha vituo ili akina mama wapate kushiriki katika kazi za shamba. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mahali pake sasa pamechukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kwa hiyo swali la jinsi ya kumpokea mtoto kituoni linazihusu familia nyingi, za mjini na za mashambani.

Je, kituo humharibu mtoto? Uchunguzi mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1991, wenye familia zaidi ya 1,300, ulionyesha kwamba kulelewa na mtu mwingine mchana, peke yake, hakuuvunji mfungamano wa mtoto na mama. Hatari ilionekana pale mambo mawili yalipokutana: mama asiyezijibu ishara za mtoto, na kituo kibaya, au saa nyingi mno, au kubadilishwa walezi mara kwa mara.

Hata hivyo kuingia kituoni ni mzigo kwa mwili wa mtoto, na mzigo huo hupimika. Mtu akiwa katika msukosuko, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo kortisoli, ambayo huonekana hata katika mate. Mwaka 2004 Lieselotte Ahnert na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 70 wa miezi 15 walioanza kwenda vituoni mjini Berlin. Siku za kwanza mama alikaa kituoni pamoja na mtoto; katika siku hizo watoto wenye mfungamano salama walikuwa na kortisoli kidogo kuliko wenzao. Mama walipoanza kuondoka, kiasi hicho kilipanda kwa watoto wote, kwa asilimia 75 hadi 100 kupita kile cha nyumbani, katika saa ya kwanza. Baada ya miezi mitano kilikuwa kimeshuka sana, ingawa bado kilizidi cha nyumbani kidogo. Na jambo lenye manufaa kwetu ni hili: mama waliotumia siku nyingi zaidi kukaa na mtoto kituoni mwanzoni, watoto wao walibaki na mfungamano salama au waliupata.

Kutokana na hayo, desturi ya kumwambia mama “toroka wakati anacheza” haina msingi mzuri. Ni kweli kwamba mama akitoroka kilio huchelewa kwa dakika chache, na mlezi hupata nafuu. Lakini mtoto hujifunza kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote bila dalili, na mtu aliyejifunza hivyo hufanya jambo la busara: hulinda. Nyumbani hamwachi mama hata kwenda msalani. Mama akiaga waziwazi, kwa ufupi, kwa maneno yale yale kila siku, mtoto atalia papo hapo. Pamoja na kilio hicho atakuwa anajifunza mfuatano wa mambo matatu, kwamba mama huaga, huenda, hurudi. Mlezi mmoja maalumu ampokee kwa mikono, wala asiwe huyu leo na yule kesho. Kanga ya mama yenye harufu yake iachwe. Na mtoto asianze siku ya kwanza kwa saa nane. Aanze kwa saa moja, mama akiwapo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Basi mtoto wa mwalimu au mwuguzi huanza kukaa na yaya akiwa na miezi mitatu hivi, kabla kabisa ya mstari wa grafu kupanda. Halii. Kila mtu hufurahi. Anapofika miezi tisa huanza kupiga makelele asubuhi, na wazazi husema: yaya huyu amemfanya nini? Yaya hufukuzwa, huletwa mwingine. Katika umri ule hasa ambao mtoto anahitaji uso anaoufahamu, uso huo umeondolewa. Simaanishi kwamba mayaya wote ni wema. Wapo wanaopiga, na mzazi ana wajibu wa kuchunguza. Lakini achunguze dalili zinazofaa: alama mwilini, mtoto kumwogopa yaya hata mama akiwa ameketi pale pale, kukataa chakula na kupungua uzito. Mtoto anayelia mama akiondoka, kisha akanyamaza begani mwa yaya kwa muda mfupi na kula uji wake, anamshuhudia yaya vizuri.

Kazi ya darasa

Darasa la Biolojia laweza kuufanya uchunguzi mdogo bila kumwumiza mtoto yeyote. Sharti la kwanza ni kwamba asitenganishwe mtoto na mlezi wake kwa ajili ya jaribio. Tazameni tu maachano yanayotokea kila siku, kituoni au majumbani kwenu, baada ya kuomba ruhusa ya wazazi. Kwa kila mtoto andikeni umri kwa miezi, bila jina, nani aliyeondoka na nani aliyebaki naye, kama aliagwa au alitorokwa, dakika alizolia, na alichokifanya mlezi aliporudi, yaani kama alimkimbilia, alimpa mkono, alimsukuma au alimpuuza. Mkiisha kupata watoto 30 au zaidi, wenye umri wa miezi 3 hadi 36, chorani grafu, umri ukiwa katika mhimili wa mlalo na dakika za kilio katika mhimili wa wima, kisha tafuteni umri ambao watoto hulia zaidi na mlinganishe na miezi 12 hadi 18 iliyotajwa juu. Watoto walioachwa kwa mtu wanayemfahamu wachorewe kwa alama za duara na walioachwa kwa mgeni kwa alama za msalaba, maana wakichanganywa pamoja grafu haitasomeka.